Kamera Nyuma ya Bunduki: Matembezi ya Nyikani na Burudani ya Kupiga Picha katika Historia ya Nile Magharibi, Uganda

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya kupiga picha kama burudani ya matembezi ya nyikani katika eneo la Nile Magharibi, kwa kuzingatia zaidi Arua, Koboko na ukingo wa magharibi wa Mto Nile. Mfano mkuu ni kambi ya Theodore Roosevelt na mwanawe Kermit katika Ukanda wa Lado mwezi Januari 1910, ambako kifaru mweupe wa kaskazini aliwindwa na kupigwa picha katika safari moja. Makala inadai kwamba picha zilizopigwa kwa ajili ya starehe zimegeuka kuwa ushahidi wa kihistoria ambao wapigaji wenyewe hawakuukusudia, na kwamba thamani ya ushahidi huo inategemea mambo mawili: maelezo yaliyoandikwa kando ya picha na mahali picha inapohifadhiwa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanaoshughulikia utalii, hifadhi ya wanyamapori na hifadhi ya nyaraka katika eneo hilo.

1.0 Utangulizi

Mtu atembeaye porini na kamera mkononi huhesabiwa kuwa mtu asiyedhuru kitu. Hachukui mti, hachukui mnyama, wala hachukui jiwe. Hurudi na kivuli tu. Ndiyo maana, katika mijadala ya siku hizi kuhusu utalii na mazingira, kupiga picha huwekwa upande wa pili wa uwindaji, kana kwamba shughuli hizi mbili zilikuwa mahasimu tangu mwanzo. Historia ya Nile Magharibi inaonyesha vinginevyo. Katika eneo hili kamera ya burudani iliingia ikifuata nyuma ya bunduki. Zilibebwa na wapagazi walewale, zikalala katika hema lilelile, na mara nyingi zilielekezwa kwa mnyama yuleyule asubuhi moja.

Jambo hili lina uzito hata leo. Jiji la Arua linakua, Koboko ni lango la mpakani ambako Uganda inakutana na Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na vijana wa eneo hilo wanapanda milima na kusambaza picha zake kwa simu. Wakati huohuo, mnyama aliyeifanya nyika hii ijulikane duniani hayupo tena. Swali linaloongoza makala hii ni hili: picha za matembezi ya kale zinaweza kutufundisha nini kuhusu kilichopotea, na matembezi ya leo yafanyweje ili picha zake ziwafae watakaokuja?

2.0 Ukanda wa Lado: Nyika Iliyofanywa Kuwa Tupu

Ardhi ambayo leo ni Nile Magharibi ilijulikana na walimwengu kwa picha kabla haijawa sehemu ya Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Mwaustria Richard Buchta alisafiri katika mkoa wa Ekwatoria uliokuwa chini ya Emin Pasha, akabeba vifaa vizito vya kupigia picha za watu na mandhari. Mkusanyiko wa picha zake ulichapishwa Berlin mwaka 1881. Buchta hakuwa mtembezi wa kujifurahisha. Kupiga picha ndiyo ilikuwa kazi yake. Hata hivyo, alitangulia kuonyesha kwamba bonde la Nile ya juu linaweza kusafirishwa hadi Ulaya likiwa juu ya karatasi.

Emin Pasha baadaye aliweka makao yake Wadelai, kwenye ukingo wa Nile, hadi alipoondoka mwaka 1889. Baadhi ya askari wa utawala wake na vizazi vyao ndio chimbuko la jamii ya Wanubi ambayo hadi leo inapatikana Arua, Koboko na miji mingine ya Afrika Mashariki. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ukanda wa magharibi ya mto, ukaitwa Ukanda wa Lado. Mkataba ulisema kwamba ukanda ungerejeshwa baada ya mfalme kufa. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na katikati ya mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa Sudani. Sehemu yake ya kusini ilihamishiwa Uganda mwaka 1914, na Arua ikawa makao ya utawala wa wilaya mpya.

Miaka ya kusubiri makabidhiano ilikuwa miaka ya ujangili wa pembe za ndovu. Wawindaji kama W. D. M. Bell na John Boyes waliingia Lado na baadaye kuandika vitabu kuhusu maisha yao huko. Mamlaka ya Wabelgiji yalikuwa yakielekea ukingoni na ya Waingereza hayajafika. Katikati ya hayo, tembo hakuwa na mlinzi.

Jambo jingine ni muhimu kwa msomaji wa picha za kipindi hicho. Wageni walioshuka mto waliiona nchi iliyo kimya, yenye mafunjo, nyasi ndefu na wanyama wengi, na wakaieleza kuwa nyika ya asili. Lakini ukimya ule ulikuwa na sababu. Uvamizi wa watumwa na pembe za ndovu uliotoka kaskazini katika karne ya 19 uliwasukuma watu mbali na mto. Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, serikali ya Uganda iliwahamisha watu kutoka sehemu za mwambao wa maziwa na mito zilizoshambuliwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo picha inayoonyesha ukingo mtupu wa Nile mwaka 1910 inaonyesha matokeo ya historia. Picha yenyewe haisemi hivyo. Mtazamaji asiye na maelezo hudhani kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

3.0 Kuwinda kwa Kamera: Fikra Iliyotangulia Safari

Safari ya Roosevelt ilikuja wakati mjadala kuhusu bunduki na kamera ulikuwa umekwisha kuanza. Mwingereza Edward North Buxton, mmoja wa waanzilishi wa chama cha mwaka 1903 cha kuhifadhi wanyama wa makoloni ya Uingereza, aliwahimiza matajiri wa kwao wabadilishe bunduki kwa kamera. Mjerumani C. G. Schillings alitumia taa ya mmweko kupiga picha za wanyama usiku katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kitabu chake cha mwaka 1905 kilisomwa sana. Winston Churchill alipita Uganda na kushuka Nile mwaka 1907, na kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka mwaka uliofuata, kilipambwa kwa picha. Mwaka 1909 Cherry Kearton alikuwa Kenya akipiga picha za sinema, na A. Radclyffe Dugmore alikuwa huko akifuata wanyama kwa kamera.

Hawa wote walichangia kuzaa aina mpya ya mtembezi: mtu mwenye nafasi na fedha, anayeona fahari kumkaribia mnyama bila kumuua. Fahari hiyo ilikuwa na msingi. Lenzi za wakati ule hazikuweza kumvuta mnyama wa mbali kwa ubora wa kutosha, na vyombo vyenyewe vilikuwa vikubwa na vyenye kelele. Aliyetaka picha nzuri ya kifaru ilimpasa afike karibu naye kuliko aliyetaka kumpiga risasi. Hivyo kamera ilidai ujasiri, subira na ujuzi wa upepo na nyayo, yaani sifa zilezile ambazo wawindaji walijisifia. Hapo ndipo undugu wa burudani hizi mbili ulipo.

4.0 Kambi ya Vifaru, Januari 1910

Theodore Roosevelt aliacha urais wa Marekani mwezi Machi 1909, na mwezi Aprili alishuka Mombasa akiongoza msafara uliodhaminiwa kwa pamoja na taasisi ya Smithsonian ya Washington. Wataalamu watatu wa viumbe, Edgar Mearns, Edmund Heller na J. Alden Loring, waliambatana naye. Mwanawe Kermit, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard na hajafikisha miaka 20, alipewa kazi ya kupiga picha. Baada ya miezi mingi nchini Kenya, msafara ulivuka Uganda, ukafika Butiaba kwenye Ziwa Albert mwanzoni mwa Januari 1910, ukateremka kwa mashua kupitia Wadelai hadi ukingo wa magharibi wa Nile.

Lengo la kufika Lado lilikuwa moja: kifaru mweupe wa kaskazini. Wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamempa jina miaka miwili tu kabla. Mwaka 1908 Richard Lydekker alimtambulisha kama nususpishi mpya na kuiita cottoni kwa heshima ya P. H. G. Powell-Cotton, msafiri aliyekuwa amepata vielelezo vyake katika Ukanda wa Lado. Kwa maneno mengine, mnyama huyu aliingia katika vitabu vya sayansi kwa mlango wa nchi hii.

Kambi ilikaa kwa wiki kadhaa mwezi Januari. Quentin Grogan, mwindaji aliyeifahamu Lado, aliungana na msafara kama kiongozi. Roosevelt aliwaua vifaru weupe watano na Kermit wanne. Katika safari nzima, wawili hao waliwaua wanyama wakubwa wapatao 500, na msafara wote ulipeleka Marekani vielelezo vya viumbe na mimea zaidi ya 11,000. Roosevelt hakuwa mtu asiyejua uzito wa jambo alilolifanya. Alifahamu kwamba ndugu wa kusini wa kifaru huyu alikuwa karibu kuangamizwa na wawindaji, na aliliandika hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba makumbusho yanahitaji vielelezo kabla mnyama hajaisha.

Baada ya vielelezo kupatikana, kamera ilipewa nafasi. Kermit aliwanyemelea vifaru waliolala chini ya miti, huku mwenye bunduki akiwa karibu kwa tahadhari. Kifaru huona kwa shida lakini husikia na kunusa vizuri sana. Mpigapicha aliyejua kutembea kinyume cha upepo angeweza kumfikia karibu mno. Picha zilizopatikana zilitiwa katika kitabu cha Roosevelt, African Game Trails, kilichochapishwa New York mwaka 1910.

5.0 Picha Mbili na Ushahidi Wake

Picha mbili miongoni mwa hizo zinastahili kutazamwa kwa makini.

Ya kwanza inawaonyesha kifaru jike na ndama wake chini ya mti. Maelezo yake katika kitabu yanamjulisha msomaji kwamba wanyama hao wameshtushwa na mlio wa kamera. Hapa picha inajishuhudia yenyewe: kabla ya mlio walikuwa wametulia, na kinachoonekana ni athari ya mpigaji. Mtembezi wa leo anayedhani kwamba kamera haigusi chochote ana jibu lake hapa, tangu mwaka 1910. Kila picha ya mnyama ina ndani yake umbali uliovukwa ili ipatikane.

Picha ya pili ni nzito zaidi. Inamwonyesha ndama kando ya mzoga wa mama yake aliyepigwa risasi. Maelezo yaliyochapishwa yanaeleza kwamba ndama huyo alikuwa na umri wa kuweza kujitegemea, ila hakukubali kuondoka hapo. Kwa msomaji wa wakati ule maelezo hayo huenda yalikuwa kumbukumbu ya tabia ya mnyama, au kinga dhidi ya lawama kwamba ndama aliachwa afe. Kwa msomaji wa leo picha ni ileile lakini ushahidi umebadilika. Inaonyesha namna nususpishi inavyopungua: mama mmoja, ndama mmoja, siku moja. Kermit hakukusudia kuandika historia ya kutoweka kwa mnyama. Alifurahia ujana, nyika na chombo chake. Hata hivyo aliiandika.

Hoja ya kimsingi ya makala hii inatoka katika picha hii ya pili. Lau mstari ule mfupi wa maelezo usingechapishwa, picha ingebaki kuwa ya kifaru mdogo na kitu kikubwa kilicholala kwenye nyasi. Maelezo, hata yaliyoandikwa kwa nia nyingine, ndiyo yaliyoifanya iweze kutoa ushahidi dhidi ya kusudi la mwenye picha.

6.0 Waliobeba Safari

Maelezo hayohayo yana upungufu wake. Neno la Kiswahili safari lilipata umaarufu mkubwa kwa wasomaji wa Kiingereza kupitia vitabu vya aina hii, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuendeshea misafara. Roosevelt alieleza kwa kirefu habari za wapagazi, askari, wapishi na wabeba bunduki. Baadhi yao anawataja kwa majina: Juma Yohari, Mswahili wa Zanzibar, na Kassitura, Msoga, ambao walimhudumia Kermit. Hiyo ni hazina kwa mwanahistoria, kwa kuwa vitabu vingi vya wakati ule havikuwataja kabisa watu wa namna hiyo.

Pamoja na hayo, wenyeji wa ukingo wa magharibi, wenye nchi ile, hawamo kwa majina. Mzungu aliyepiga picha anajulikana, kifaru anajulikana kwa jina la kisayansi, mtaalamu aliyechuna ngozi anajulikana. Wale waliojua mahali kifaru anapolala, mahali maji yanapopatikana na wakati moto wa nyika unapowashwa ni watu wasio na sura. Picha zenyewe na nyaraka za safari hiyo zimehifadhiwa Marekani, zikiwamo zile za Maktaba ya Bunge na taasisi ya Smithsonian. Mtoto anayesoma Arua anaweza kupita shule ya msingi na sekondari bila kuziona, ingawa zilipigwa katika mkoa wake.

7.0 Kutoka Lado hadi Kutoweka

Baada ya 1914 kifaru mweupe alibaki katika sehemu chache za wilaya mpya. Maeneo ya Mlima Kei na Mlima Otze, kaskazini kuelekea mpaka wa Sudani, yalitengwa kuwa mahali pa kumlinda. Karibu na Nile, jina la chifu Ajai limebaki kwenye hifadhi ya Ajai, ambayo leo iko katika Wilaya ya Madi-Okollo. Jambo hili linastahili kusisitizwa mbele ya watunga sera: hifadhi hii ina jina la kiongozi wa mahali, na masimulizi ya eneo hilo yanamhusisha na ulinzi wa vifaru waliobaki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ujangili ulipozidi, vifaru kadhaa wa Nile Magharibi walikamatwa na kuhamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Murchison, ng'ambo ya mto. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa wakati wake, lakini vita na kuvunjika kwa ulinzi katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 havikubakiza mnyama huko wala alikotoka. Kufikia katikati ya muongo huo Uganda haikuwa tena na kifaru wa porini wa aina yoyote. Vifaru walioletwa tangu mwaka 2005 katika kituo cha Ziwa, Nakasongola, ni weupe wa kusini. Tarehe 19 Machi 2018 dume wa mwisho wa nususpishi ya kaskazini, aliyeitwa Sudan, alifariki katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu, mama na binti yake, wote waliozaliwa katika bustani ya wanyama barani Ulaya.

Hivyo, kwa habari ya kifaru mweupe wa kaskazini akiwa huru katika Nile Magharibi, picha za Januari 1910 zimehama kutoka rafu ya burudani hadi rafu ya urithi. Zinaonyesha aina ya nyasi alizolala, miti aliyoitumia kwa kivuli na namna mama na mwana walivyokaa pamoja. Anayepanga kurejesha vifaru katika Ajai au kwingineko ana sababu ya kuzitazama.

Jina Rhino Camp nalo limebaki. Leo linajulikana zaidi duniani kwa makazi makubwa ya wakimbizi, hasa kutoka Sudani Kusini, na picha zinazosambazwa kwa jina hilo ni za mahema, mabomba ya maji na foleni za chakula. Mahali palepale pamepigwa picha mara mbili na wageni, kwanza kama nyika isiyo na watu, kisha kama umati usio na nchi.

8.0 Koboko na Somo la Kabati la Negativu

Mfano wa pili unatoka upande wa dola, nao unasaidia kupima hoja ya maelezo na mahali pa kuhifadhi. Idi Amin, aliyeitawala Uganda kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979, alikuwa Mkakwa kwa upande wa baba, na ukoo huo asili yake ni Koboko. Wapigapicha wa serikali walimfuata kila mahali, ikiwa ni pamoja na katika matembezi na michezo yake. Mwaka 2015 negativu zipatazo 70,000, nyingi za miaka ya utawala wake, zilitambuliwa katika hifadhi ya Shirika la Utangazaji la Uganda. Baada ya kazi ya kuziweka katika mfumo wa kidijitali, sehemu yake ilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, mwaka 2019.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, picha hizo zilibaki nchini, kwa hiyo maonyesho ya kwanza yalifanyika mbele ya watu waliozihusu. Pili, zilihifadhiwa katika bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio, ndiyo maana zingeweza kusomeka baada ya miaka 40. Tatu, ukimya wake ni mkubwa: mateso na mauaji ya utawala ule hayamo, kwa kuwa kamera ilielekezwa mahali dola ilipotaka. Picha za Lado zilificha watu kwa kuwatazama wanyama. Picha za Kampala zilificha mateso kwa kutazama sherehe. Katika hali zote mbili mtafiti hawezi kutosheka na kinachoonekana.

Familia za kawaida za Koboko na Arua hazikuwa na kabati la serikali. Baada ya utawala wa Amin kuanguka, maelfu ya watu wa Nile Magharibi walikimbilia Sudani na Zaire. Mtu anayevuka mpaka kwa miguu, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hana mkono wa kubebea albamu. Kwa sababu hiyo, mkusanyiko wowote wa picha za eneo hili uliosalimika mikononi mwa wenyeji una thamani kuliko idadi yake.

9.0 Matembezi ya Leo: Wati na Liru

Vilima viwili vinatawala mandhari ya matembezi katika eneo hili. Mlima Wati uko Terego, mashariki ya Arua. Mlima Liru uko Koboko. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliandika masimulizi yanayowahusisha mashujaa wawili wa asili, Jaki na Dribidu, na milima hiyo: Jaki na Liru, Dribidu na Wati. Koo nyingi hujitambulisha kwa kuhesabu kurudi hadi kwao. Kwa hiyo anayepanda Liru kutafuta picha ya machweo anapanda pia mahali pa makaburi na ahadi, na anayepiga picha kileleni hupiga picha ya hati ya ukoo.

Hapa ndipo burudani ya leo inaweza kuwa bora kuliko ya 1910. Mpigapicha kijana wa Arua hahitaji mkalimani ili kumuuliza mzee jina la jiwe. Anaweza kuandika jina hilo kwa Kilugbara, Kikakwa au Kinubi, akalieleza kwa Kiswahili ili lisomwe Dodoma na Nairobi. Anaweza kuuliza mahali gani panapigwa picha na mahali gani hapapigwi. Chombo chake ni chepesi, hakina mlio wa kumshtua kifaru. Kasoro yake ni nyingine: picha nyingi za simu hazina maelezo kabisa, na huzama katika mkondo wa nyingine kabla ya mwezi kwisha. Kizazi kinachopiga picha nyingi kuliko vyote vilivyotangulia kinaweza kuacha ushahidi mchache kuliko Kermit Roosevelt.

10.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba kupiga picha katika matembezi ya nyikani kulianza Nile Magharibi kama tawi la uwindaji, na kwamba picha za burudani zimekuwa ushahidi wa msiba ambao wapigaji hawakuuona ukija. Imeonyesha pia kwamba ukimya wa picha, iwe ni kuhusu wenyeji wa Lado au waliouawa chini ya Amin, hauzibwi na wingi wa picha bali na maelezo.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba: (a) taasisi za Uganda zinazohusika na makumbusho na nyaraka ziombe nakala za kidijitali za picha za Lado zilizoko Marekani na Ulaya, na nakala hizo ziwekwe Arua na Koboko, si Kampala pekee, (b) wazee wa ukingo wa magharibi waonyeshwe picha hizo na maelezo yao yaandikwe kando ya yale ya 1910, bila kuyafuta, (c) mpango wowote wa kurejesha vifaru Ajai uambatane na hifadhi ya picha inayotaja askari wanyamapori na wanakijiji kwa majina, kwa ridhaa yao, (d) vikundi vya vijana wapanda milima vifundishwe kuandika mambo manne kwa kila picha inayohifadhiwa: jina la mahali katika lugha ya mahali, tarehe, waliomo na aliyepiga, na (e) kanuni za kupiga picha katika Wati na Liru zitungwe pamoja na koo zinazoitambua milima hiyo kuwa yao.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Maelezo ya picha huandikwa kwa kalamu. Lakini aliyekuwapo ndiye awezaye kuyaandika kwa uhakika, na wale waliowahi kumwona kifaru mweupe akivuka nyasi za Ajai kwa macho yao wanazidi kupungua kila mwaka.